Kapu la Jumapili au likelemba ya simu?

Familia za Lubumbashi zenye kijana mwenye Duchenne, ugonjwa wa nadra unaomaliza misuli, zikitaka kuchangia utafiti zina njia mbili. Kapu la kanisani pale Katuba hujaa upesi: noti za franka 500 zilizokunjwakunjwa, nyimbo, machozi. Jumapili inayofuata kuna msiba mwingine. Likelemba ya simu, yaani upatu wa kuchanga na kupokea kwa zamu, huenda polepole: dola moja kila mwezi, na zamu moja katika mzunguko ni ya utafiti. Makato ya kutuma yanaudhi, kweli. Lakini utafiti hula miaka. Ufaransa, chama cha wazazi wenye watoto wa magonjwa ya misuli kilichoundwa 1958 kilianzisha Téléthon, harambee ya televisheni, 1987, na hadi leo kinachangisha kila mwaka. Mimi nachagua simu. Kapu linunue daftari la mweka hazina.