Silinda za Ski-Doo zilizolika: kupakwa upya nikeli kunastahili bei yake?

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa na Waswahili wenzangu huku kaskazini mwa Minnesota, wale wanaonunua pikipiki za theluji zilizotumika ili waende kuvua samaki kwenye barafu. Silinda moja kupakwa upya ilinigharimu chini kidogo ya dola 300. Nauli ya kuituma na kurudishiwa ni juu yako, na pistoni, ringi, pini na gasketi unanunua mwenyewe. Ni pesa nyingi. Ningeilipa tena leo hii.

Mashine ni Ski-Doo MXZ 600 yenye injini ya Rotax, stroku mbili, silinda mbili, ya kupozwa kwa maji. Niliipata kwa bei nafuu kwa sababu muuzaji alisema wazi kwamba asubuhi inasumbua kuwaka na ikishawaka haina nguvu. Geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda kwa psi, ilimaliza ubishi: upande mmoja psi 120, wa pili 85. Silinda mbili zikitofautiana zaidi ya asilimia kumi hivi, mimi sihangaiki na plagi wala kabureta. Nafungua.

Upande ule dhaifu ulikuwa na mikwaruzo ya wima inayokwama ukucha ukiupitisha, na juu ya tundu la ekzosi utando wa nikeli ulikuwa umebanduka hadi alumini ikaonekana.

Hapa fundi aliyezoea injini za nyumbani atulie kidogo. Tanga, nilikojifunzia kazi kwenye injini za boti, silinda ina slivu, yaani bomba la chuma lililoingizwa ndani yake. Ikilika unaipeleka kwa mchongaji, anaitanua nusu milimita, unatia pistoni ya ova saizi, boti inarudi majini. Rotax hii haina slivu. Ni alumini iliyopakwa nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, kazi ambayo kampuni ya Mahle ya Ujerumani iliitoa mwaka 1967 kwa ajili ya injini za Wankel. Unene wa utando huo ni sehemu ndogo tu ya milimita, lakini ni mgumu kiasi kwamba jiwe la kawaida la kusugulia haliukwangui ipasavyo, unahitaji almasi. Ukiichonga silinda kama ulivyozoea, unauondoa utando wote, na ringi zikianza kupanda na kushuka juu ya alumini tupu, injini itanoki upesi.

Wapo wanaotia slivu ya chuma ndani ya silinda kama hizi. Sikubaliani nao. Chuma na alumini havitanuki sawa vikipata moto, joto linatoka kwa shida zaidi, na matundu ya slivu yasipolingana kikamilifu na ya silinda umepoteza nguvu uliyoitafuta.

Basi nikazifungasha silinda zote mbili pamoja na pistoni mpya, nikazituma kwenye karakana moja ya Wisconsin inayofanya kazi hii. Kilichonifanya niwaheshimu ni simu yao: walizipima, wakaniambia ile ya psi 120 haihitaji kupakwa. Mistari niliyoiona ilikuwa alumini ya pistoni iliyogandia juu ya nikeli. Waliisafisha, wakaisugua kidogo, wakatoza ada ndogo. Wangeweza kunilipisha zote mbili nisijue.

Ile nyingine ilirudi nzuri sana. Sehemu iliyolika ilijazwa kwa kuchomelewa kabla ya kupakwa, kisha ikasuguliwa kwa almasi kufuata pistoni yangu, na karatasi ya vipimo vya juu, kati na chini ilikuwemo ndani ya boksi. Nilipima tena mwenyewe, vikalingana. Kingo za matundu zilikuwa zimelainishwa vizuri. Hilo msilichukulie kirahisi: kingo ikiachwa kali, ringi inaingia tunduni, inakatika, na kazi yote imeharibika. Hata njia ya vali ya RAVE, ile inayobadilisha ukubwa wa tundu la ekzosi, ilikuwa safi, vali inateleza bila kugusa pistoni.

Lawama ninazo mbili. Kwanza foleni: ukituma theluji ikikaribia, kila mwenye mashine mbovu ametuma wiki hiyo hiyo, na barua pepe hazijibiwi, piga simu. Pili ufungaji. Silinda iliyotengenezwa kwa uangalifu wote ule ilirudi ikichezacheza ndani ya boksi na karatasi chache tu. Haikuumia, lakini sikupenda.

Na karakana haitibu kilichoua silinda. Kwangu ulikuwa mpira unaounganisha kabureta na injini, ulipasuka, ukaingiza hewa, mchanganyiko ukakosa petroli ya kutosha, joto likapanda. Baridi ya huku hewa ni nzito, kwa hiyo injini inahitaji petroli zaidi, na ufa mdogo unatosha kuiua. Nilibadilisha mipira yote miwili, nikaosha krenki kesi, sanduku la krenki lililo chini ya silinda, isibaki na vipande vya alumini, nikazungusha beringi za krenki kwa mkono kuzisikiliza, ndipo nikafunga.

Sasa geji inasoma karibu sawa pande zote mbili na mashine inawaka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Naiacha ipate joto kabla ya kuikaza, kwa sababu pistoni hutanuka haraka kuliko silinda iliyozungukwa na maji baridi.

Kama yako ni ya zamani yenye slivu za chuma, usitume Wisconsin. Mchongaji wa karibu atakuhudumia kwa bei nafuu. Mwenye silinda za nikeli atume Mei, theluji ikishayeyuka, na aufunike uso wa gasketi kwa kadibodi, kisha awaombe kwa maandishi waurudishe ukiwa umefunikwa vivyo hivyo.