Bastola za baruti nyeusi: ipi ununue, uitengeneze, uiuze tena

Aliyekulia Tabora au Rukwa hahitaji kuelezwa gobore. Unamimina baruti, unashindilia goroli, unapachika fataki, unafumba jicho moja na mengine unamwachia Mungu. Bastola ninazozizungumzia hapa ni za ukoo huohuo, ila zina silinda ya vyumba vitano au sita, na hazikufuliwa na mhunzi wa kijijini. Za asili zilitoka hasa kwa Samuel Colt, Hartford, Connecticut, na kwa Remington, Ilion, New York, katikati ya karne ya 19. Nakala zake, ambazo ndizo nyingi sokoni leo, hutoka mkoa wa Brescia, Italia, kwa watengenezaji kama Uberti na Pietta.

Mimi niko Ohio. Nanunua moja moja, nazitengeneza gereji, nauza. Sijatajirika, zinanilipia bima ya gari na kunipa kisingizio cha kukwepa vyombo Jumamosi. Nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: ukiichukua ikiwa imechakaa, ipi itakurudishia pesa na jasho? Kwa kipimo hicho, nakala ya Kiitaliano iliyotupwa chini ya kitanda inaishinda bastola ya kale ya kweli, na kwa mbali.

Kwanza sheria, maana hapa ndipo wenzetu wengi hujikwaa. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inahesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na nakala zake zinaingia humo mradi hazitumii risasi zilizotengenezwa tayari na ganda lake. Ndiyo maana nyingi huuziwa mtu bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Lakini majimbo yana yao: New Jersey inazishika sawa na bastola nyingine. Ukiweka silinda ya kubadilishia ili itumie risasi za kisasa, imeshatoka kwenye kundi la kale, na kuiuza ni habari nyingine kabisa. Kama uko kwa viza, au umewahi kuhukumiwa, zungumza na mwanasheria kabla ya kutoa hata dola. Uingereza nakala ya bastola hizi inahitaji cheti cha polisi. Na usije ukaiweka kwenye sanduku la kwenda nyumbani eti zawadi ya mjomba. Kenya na Tanzania bastola ni bastola, na hata gobore lina kibali chake.

Jambo la pili, kabla ya kuuliza bei: hakikisha haina kitu ndani. Sisemi utani. Bastola hizi hukaa na baruti miaka mingi, na baruti nyeusi iliyo kavu haizeeki. Angalia kama kuna fataki juu ya chuchu, yaani kile kijibomba nyuma ya kila chumba kinachopitisha moto hadi kwenye baruti, kisha ingiza kijiti cha mbao katika kila chumba cha silinda upime kina. Chumba kimoja kikiwa kifupi kuliko wenzake, kuna goroli humo. Mezani pangu ziliwahi kufika mbili za namna hiyo, na wenye nazo wote waliapa ni tupu.

Namba moja: Remington 1858 ya chuma, nakala iliyotumika

Hii ndiyo ninayomwambia kila anayeanza. Fremu yake imezunguka silinda pande zote, juu ikiwa na daraja la chuma, kwa hiyo ni vigumu kulegea. Kuifungua ni sekunde: vuta nyundo nusu, shusha mkono wa kushindilia ulio chini ya mtutu, vuta pini inayoshika silinda, silinda inatoka. Vipuri vimejaa. Pietta mpya ya chuma huuzwa takriban dola 300 hadi 400. Iliyotumika vibaya huipata kwa 120 hadi 180 kwenye maonyesho ya silaha au kwa mjane anayesafisha nyumba. Huyo wa pili, tafadhali, mlipe bei ya haki.

Ugonjwa wake karibu kila mara ni mmoja. Mtu alipiga raundi mbili, akafurahi na moshi, akairudisha kwenye boksi bila kuiosha. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, na ikiungua huacha chumvichumvi inayonyonya unyevu hewani. Wiki moja ya kiangazi cha huku, chenye unyevu mwingi, inatosha. Silinda inashika kutu, pini inagoma, chuchu zinang'ang'ania kana kwamba zimechomelewa.

Dawa ni maji ya moto na sabuni ya vyombo. Toa mbao za mpini kwanza. Loweka, sugua kwa brashi ya mtutu, suuza kwa maji yanayochemka ili chuma chenyewe kipate moto na kujikausha, kisha paka mafuta. Chuchu zilizoganda zipake mafuta ya kulegezea uziache siku tatu, wiki ikibidi, na ufunguo uwe ule wa saizi yake hasa. Mwenye haraka huvunja chuchu ndani ya silinda, na silinda mpya inakula faida yote. Mimi huweka chuchu mpya sita hata za zamani zikiwa zinafaa, kwa sababu mnunuzi anazitazama mwanzo, kabla ya mtutu.

Usiguse skrubu kwa bisibisi ya kabati la jikoni. Bisibisi ya kawaida imechongwa kama kabari, inapanda juu na kutafuna kichwa. Nunua seti ya mafundi bunduki, yenye ncha za kuta zilizo sambamba. Skrubu zilizotafunwa zinamwambia mnunuzi kwamba ndani kuna mtu aliyecheza, na anashusha bei kabla hujafungua mdomo.

Jina "1858" ni la mazoea tu. Ni tarehe ya hataza, Septemba 14, 1858, iliyogongwa juu ya mtutu. Modeli mpya yenyewe ilianza kutoka mwaka 1863. Mwambie mnunuzi, hufurahi.

Namba mbili: Colt wazi za Uberti, 1851 Navy na 1860 Army

Ni nzuri kuzitazama kuliko Remington, na zinatulia mkononi vizuri zaidi. Hazina daraja juu. Mtutu umeshikwa na mhimili unaotoka kwenye fremu, ukakazwa kwa kabari inayopita ubavuni. Hapo ndipo palipo kasoro ambayo inaweza kukupa pesa: Uberti nyingi zina mhimili mfupi. Haufiki mwisho wa tundu lake ndani ya mtutu, kwa hiyo ukigonga kabari, mtutu unavutwa nyuma hadi silinda inabanwa. Ukiilegeza kidogo, mtutu unacheza. Mwenye nayo anadhani bastola imeharibika, anaiuza kwa hasira.

Kuipima ni rahisi. Toa kabari na mtutu. Ugeuze mtutu kiubavu, uusukume kwenye mhimili mpaka ugote, halafu tazama sehemu ya chini ya mtutu inapokutana na fremu. Ikipita ukingo wa fremu, mhimili ni mfupi. Tiba ni kipande kidogo cha chuma au shaba kinachowekwa chini kabisa ya tundu, kikipigwa tupa polepole hadi mtutu na fremu vikutane sawasawa. Kazi ya jioni moja na kipande cha senti chache. Baada ya hapo kabari unaigonga kwa nguvu na silinda bado inazunguka kama feni.

Angalia na majira yake, yaani kama nyundo na silinda vinakwenda pamoja. Vuta nyundo taratibu sana kwa kila chumba kati ya sita: komeo linaloifunga silinda isizunguke liingie kwenye kijishimo chake kabla nyundo haijafika mwisho, wala si baada. Ukiona mkwaruzo uliozunguka silinda nzima, komeo limekuwa likikokota. Mara nyingi ni komeo lenyewe, kipande cha bei ndogo. Lakini kama kidole kinachosukuma silinda kimelika, na vijishimo vyenyewe vimepanuka, iache. Hiyo ni kazi ya fundi na bei ya fundi.

Jihadhari na kitu kimoja cha historia. 1851 Navy ya kweli ilikuwa kaliba .36, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi. Utakutana na nakala nyingi za "1851" za .44, Colt hakuwahi kuziuza hivyo. Zinapiga vizuri, ila wanaoigiza Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani hawazitaki, na hao ni wanunuzi wazuri. Kwao mchoro wa mapigano ya meli kwenye silinda, ule ulioandikwa Mei 16, 1843, lazima usomeke. Kwa hiyo usiipige silinda msasa hata kidogo.

Umri wa nakala usimwachie muuzaji akuambie. Italia hugonga msimbo wa mwaka ndani ya kisanduku kidogo kwenye fremu au mtutu: AA ni 1975, CM ni 2014. Herufi PN ni alama ya kupimwa kwa baruti nyeusi. Kwa Pietta miaka ina maana, kwani za karibuni zimechongwa kwa mashine za kompyuta na mihimili yake inakaa vizuri kuliko za zamani.

Namba tatu: Ruger Old Army

Si nakala ya kitu chochote. Sturm, Ruger waliitengeneza 1972 hadi 2008, na ni ngumu kama nanga. Tatizo ni kwamba kila mtu anajua. Ukiipata chini ya dola 500, nunua, ioshe, iuze. Hakuna cha kutengeneza, kwa hiyo faida yako ni jicho lako tu.

Namba nne: fremu za shaba ya manjano

Zinang'aa, ni rahisi, na ndizo anazouziwa mgeni. Shaba ni laini. Kila ukipiga, silinda inarudi nyuma na kuugonga uso wa fremu, na kwa .44 iliyoshindiliwa baruti nyingi fremu huanza kutanuka. Ondoa silinda utazame nyuma yake: ukiona meno ya silinda yamejichapa kwenye shaba kama muhuri, imekwisha. Huwezi kuirudisha. Watu wa majimbo ya Kusini walitumia shaba wakati wa vita hivyo vya Marekani kwa kukosa chuma. Wewe huna sababu hiyo. Chini ya dola 100 nanunua kwa ajili ya vipuri. Iliyo nzima ya .36 inauzika kwa anayetaka ya ukutani, na ndivyo ninavyoandika kwenye tangazo.

Mwisho: za kale za kweli

Najua, ndizo zilizokuleta hapa. Mwaka wangu wa pili nilinunua Colt Pocket ya 1849, zile ndogo za kaliba .31 zilizotengenezwa kwa mamia ya maelfu. Ilikuwa na rangi ya kahawia iliyotulia, mchoro wa gari la farasi likivamiwa ukionekana nusunusu. Nikachukua sufu ya chuma na mafuta, nikaisugua mpaka ikawaka kama sufuria ya bi harusi. Mzee mmoja kwenye maonyesho aliigeuza mara mbili, akanirudishia, akasema, "Umeifuta miaka 160 kwa mchana mmoja." Niliiuza kwa nusu ya bei niliyonunulia.

Ya kale haitengenezwi. Kutu inayokula hai unaisimamisha kwa mafuta na kitambaa, basi. Ukitaka kununua, linganisha namba: Colt aligonga namba moja kwenye fremu, mtutu, mlinzi wa kifyatulio, mgongo wa mpini, silinda na hata kabari. Zisipolingana, bei inaanguka. Na kuna wajanja wanaochukua nakala ya Uberti, wanasaga alama za Italia, wanaizika kwenye asidi na kukuletea mbuzi kwenye gunia. Shusha mkono wa kushindilia utazame chini ya mtutu. Chuma kilichosagwa kina bonde dogo ambalo mwanga unalionyesha.

Kuna kundi la katikati: Colt za toleo la pili, ambazo kampuni ya Colt yenyewe ilizitoa upya 1971 hadi 1982, zikitumia vipande vya Italia. Thamani yake iko kwenye boksi na katika kutopigwa kamwe. Ukiijaribu mara moja tu, umejitoza faini.

Kuuza: bei usiitoe kichwani wala kwenye matangazo yaliyo wazi. Tazama minada iliyokwisha kwenye GunBroker, tovuti ya mnada wa silaha, ndiyo bei watu waliyolipa. Wanunuzi bora niliowapata ni wapigaji wa mchezo wa kikauboi na watu wa Friendship, Indiana, ambako chama cha taifa cha bunduki za kushindilia hukutana Juni na Septemba. Nenda na meza ndogo, kofia na subira. Piga picha za kasoro kwa ukaribu kuliko za uzuri. Andika ulichokibadilisha. Andika pia, kwa herufi kubwa, kwamba ni ya baruti nyeusi peke yake, maana baruti ya kisasa isiyo na moshi humo ndani inageuza silinda kuwa bomu mkononi mwa mtu. Naomba kitambulisho, na nikisita juu ya mtu, siuzi.

Mapato yatangaze kwenye kodi. Bastola ifunge kwenye karatasi yenye mafuta, silinda kando, boksi ndani ya boksi. Baruti na fataki aliyokupa mwenye mali wa kwanza usiziweke humo. Posta haizipokei, zibaki kwako gereji, kwenye kopo lake, mbali na hita.