Pampu ya kubadilishia maji ya tangi la bahari: uzoefu wangu hapa Tudor

Tangu mfumo huu ufungwe, kubadilisha maji ya tangi langu la samaki wa baharini ni kazi ya robo saa na sakafu inabaki kavu. Pampu naipa nyota nne kati ya tano. Fundi aliyepiga mabomba nampa zote tano, maana raha kubwa ya kazi hii imetoka mikononi mwake kuliko kwenye boksi la dukani.

Tangi lenyewe ni la lita 300, liko sebuleni, ghorofa ya kwanza. Ndani mna samaki mmoja mkorofi aina ya kangaja, kamba wawili wasafishaji, matumbawe laini na mawe. Kila wiki natoa lita 40 na kurudisha lita 40. Ukisema hivyo yanaonekana machache, lakini jaribu kuinua ndoo ya lita 20 juu ya kabati, uimimine polepole usichimbe mchanga, huku nyaya za taa ziko hapo hapo karibu na mkono.

Roshani ya nyuma nimeweka pipa la buluu, limeegemea ukuta, kwa sababu pipa likijaa linapita kilo 200 na sitaki uzito huo ukae kwenye ukingo. Pampu inazama humo. Ni ya Kiitaliano, wati 45, imeandikwa lita 2,700 kwa saa na kimo cha juu mita 3. Bei ilikuwa shilingi 11,000. Muuzaji mmoja mjini alinisukumia nyingine ya nusu bei, "hii ni lita 3,500 dada, ina nguvu zaidi." Namba ya lita ndiyo wanayoiandika kwa herufi kubwa, nayo ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Ya kuangalia ni ile ndogo yenye herufi H, kimo ambacho maji yakifika hayaendi tena. Ile ya lita 3,500 ilikuwa na H ya mita 2. Ukitoa kimo cha tangi langu na msuguano wa bomba, ingekuwa inadondosha tu.

Kimo chenyewe hupimwa kuanzia uso wa maji kwenye pipa, si pale pampu ilipolala. Kwa hiyo pipa likiwa limejaa kazi ni nyepesi, na kadiri linavyopungua ndivyo pampu inavyochoka. Nimepima kwa ndoo pale juu ya tangi: mwanzoni lita 20 zinajaa kwa sekunde 50 hivi, pipa likikaribia kwisha ni dakika moja na ushee. Ni karibu nusu ya zile lita 2,700 za kwenye boksi, na nimeridhika nazo.

Sasa mabomba. Fundi alikuja na PPR, yale ya kuchomelea kwa moto, na koki ya shaba. Kwa maji ya kuoga, sawa. Kwa tangi la bahari shaba ni sumu: maji ya chumvi huila kidogo kidogo, na kamba, konokono na matumbawe hawaistahimili hata kwa kiasi ambacho samaki hatajali. PPR lenyewe ni plastiki na halina neno, ila viungio vyake vya kukaza kwa nyuzi vina kipande cha shaba ndani kilichopakwa weupe, unaweza kudhani ni chuma cha pua. Nilipomwambia, alichukua kimoja akakikwaruza kwa ncha ya kisu mpaka unjano ukatokea. Akakirudisha mfukoni. "Basi tupige PVC mwanzo mwisho, na koki za plastiki." Hakubishana, na hilo kwa mafundi niliowahi kuwaita si jambo la kila siku.

Tulitumia bomba la inchi moja. Yeye alikuwa na la nusu inchi tayari kwenye baiskeli, lakini bomba ukilipunguza upana kwa nusu, nafasi ya maji inabaki robo, na pampu inaishia kupigana na bomba lenyewe. Kona kali tukaziepuka, kila penye kona ya mraba kuna elbo mbili za nusu kona. Limepita chini ya ukuta, nyuma ya kochi. Kupita juu ya mlango kungependeza zaidi, ila kila siku ya kujaza maji yangelazimika kwanza kupanda hadi huko.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba bomba moja linatoa na kuingiza. Kwenye pipa kuna kiungio cha T chenye koki mbili: moja inarudisha maji pipani kwa kuchanganya chumvi, ya pili inayapeleka ndani. Kabla ya sebule kuna T nyingine inayoelekea bafuni, na koki yake. Nikitaka kutoa, nawasha pampu sekunde chache mpaka hewa yote itoke bombani, nafunga ile koki ya pili ya kwenye pipa, nazima, nafungua ya bafuni. Maji ya tangi yanajivuta yenyewe bila stima. Ncha ya bomba ndani ya tangi, yenye kichujio ili kamba wasivutwe, imezama karibu sentimita 7. Kwa tangi la sentimita 120 kwa 50, hizo ni zile lita 40. Maji yakifika kwenye ncha, hewa inaingia na mvuto unakatika. Naweza kuwa jikoni nakuna nazi.

Kina hicho hicho ndicho kinga yangu stima ikipotea katikati ya kujaza. Pampu ikizimika ghafla, maji hugeuka yakarudi pipani, lakini hayawezi kurudi zaidi ya yale lita 40, na pipa lina nafasi yake. Fundi alitaka kuweka vali ya kuzuia kurudi. Nilikataa, kwa sababu chumvi ikiganda kwenye ulimi wake haifungi sawasawa, na wewe umeshaitegemea.

Maji nayapata kwa njia mbili. Wakati wa kaskazi nachota bahari kuu, ng'ambo ya Nyali, maji yakiwa yamejaa. Hapa horini Tudor sichoti, ingawa nalitazama kutoka dirishani; maji taka ya mji yanaishia humo. Masika ikianza naacha, mvua inaporomosha uchafu wa nchi kavu na chumvi inapungua, hapo natumia chumvi ya paketi, kama gramu 36 kwa lita, nikihakikisha kwa refraktomita, yaani kipima chumvi, inasoma 35 kwa elfu. Na kwa wanaoniuliza kila mara: maji ya kisima kuwa ya magadi hakuyafanyi kuwa maji ya bahari. Visima vingi vya huku vimechimbwa jirani na mashimo ya vyoo, na naitreti, ile inayotokana na kinyesi na mabaki yanayooza, ndiyo hasa tunayoikimbia tunapobadilisha maji.

Maji baridi ya kuchanganyia yanatoka kwenye chujio la RO, linalosukuma maji kwa presha yapite utando unaozuia chumvi na uchafu. Anayepanga kununua ajue kwamba tangi la juu ya paa halina presha ya kutosha. Kila mita 10 za kimo ni kama baa moja tu ya presha, na chujio linataka baa tatu au nne. Bila kipampu cha kuongeza presha utapata matone, na maji mengi ya kumwaga. Yale ya kumwaga napigia deki.

Nyota niliyoinyima pampu ni kwa sababu mbili. Waya ni mita moja na nusu tu, haufiki kwenye soketi yoyote ya maana, ikabidi niongeze soketi ya ukutani, juu, na kuuacha waya ulegee chini yake ili matone yadondokee sakafuni badala ya kuufuata hadi kwenye umeme. Pili, mguu mmoja wa mpira ulitoka kwenye boksi umepasuka, na duka likaniambia niandikie kiwanda. Zaidi ya hapo, mhimili wake ni wa kauri na hauna kutu, hainung'uniki, na kila mwezi nasafisha kwa siki mapanga yake ya kusukumia maji.

Kupandisha mitungi ya bahari kutoka uani hadi roshani bado ni kazi ya mabega. Ni zaidi ya mita 3, na pampu hii haifiki. Kuna kijana wa mkokoteni ananisaidia kwa shilingi 50 kwa mtungi, na kwa sasa sioni sababu ya kununua pampu nyingine.