Darasa la Kilatini la Jumamosi, Upanga: mwanakwaya, nenda

Naimba besi kwenye kwaya ya parokia, na nyimbo za Kilatini tunazo nyingi. Kwa yeyote hapa Dar anayetaka kuelewa anachoimba, nalipendekeza darasa hili la mzee aliyewahi kufundisha seminari.

Somo lililonikamata ni la namna tendo linavyofanyika. Sisi tunatanguliza "kwa", basi: kwa uangalifu, kwa furaha. Mrumi aliligeuza jina, yaani nomino, mwisho wake likawa katika ablativu, umbo linaloweza kuonyesha namna ya tendo, akaweka na cum, yaani "pamoja na". Cura ni uangalifu, kwa uangalifu ni cum cura, na hapo cum haiachwi. Jina likiwa na kivumishi, una hiari: magna cum cura, kwa uangalifu mkubwa, sawa, na magna cura sawa. Yapo pia machache yaliyozoeleka kusimama yenyewe, kama silentio, kimya kimya, na iure, kwa haki.

Mwalimu haachi kanuni ikielea. Alitufungulia Mathayo 27:46, clamavit Iesus voce magna, Yesu akapaza sauti kwa nguvu. Magna ipo, kwa hiyo cum haikuhitajika. Wakili mmoja akauliza kuhusu bona fide anayoiandika kila siku mahakamani. Ni kanuni hiyohiyo, maana bona ni kivumishi: kwa nia njema. Kisha tukaja kwenye Zaburi ya 100, ambayo Biblia ya Kilatini inaihesabu ya 99: servite Domino in laetitia, mtumikieni Bwana kwa furaha. Mbona in, si cum? Kwa sababu tafsiri ya Zaburi inafuata msemo wa Kiebrania uliopitia Kigiriki. Wimbo huo nimeuimba tangu ujana, na siku hiyo niliusikia upya kabisa.

Kasoro ipo, tena inagusa somo lenyewe. Karatasi anazogawa ni fotokopi zisizo na kistari juu ya irabu ndefu. Cura ya kawaida na cura ya ablativu zinaandikwa sawa. Kinachozitenganisha ni urefu wa ile a ya mwisho. Mgeni atapotea. Mwalimu akisoma kwa sauti unasikia tofauti vizuri, kwa hiyo njoo na penseli uvichore vistari mwenyewe anaposoma.

Kipindi ni shilingi 15,000, unalipa siku unayohudhuria. Wanaanza saa tatu asubuhi kamili, na mzee hamsubiri mtu. Wasiojua hata neno moja waanze na kundi la mwezi wa kwanza, maana katikati ya muhula anakwenda kasi.