Uzoefu wangu: mabati mapya ya sakafu ya Volkswagen Beetle

Mabati haya huja mawili, la kushoto na la kulia, kila moja likiwa kamili kuanzia miguuni kwa dereva hadi chini ya kiti cha nyuma. Nimeyafunga na ningeyanunua tena, ila kwa sharti moja: unene uwe mm 1.2. Yapo pia ya mm 0.8 yenye bei nafuu, na kwenye picha huwezi kuyatofautisha. Hayo membamba hupindika kwa joto la kuchomelea na hubonyea chini ya viti. Pima ukingo kwa kalipa kabla ya kulipa.

Yangu yalikuja na rangi nyeusi. Usiiamini mpaka uisugue kwa kitambaa chenye thina. Ikitoka, ni rangi ya kusafirishia tu, itoe yote upige praima. Hii ya kwangu ilitoka.

Upande wa kulia ndio huoza kwanza kwenye Beetle nyingi, kwa sababu betri hukaa pale chini ya kiti cha nyuma na asidi yake hula bati. Basi kagua pia mgongo wa kati (lile handaki la bati linalopita katikati ya sakafu) na njia za hewa ya moto zilizo chini ya milango. Njia hizo ni sehemu ya bodi, na ndizo zenye nati zinazoshika bolti za sakafu. Zikiwa zimeoza, zitengenezwe kwanza huku bodi ikiwa bado imefungwa kwenye chesisi. Ukikata sakafu kabla, bodi inabaki bila kipimo na milango haitafunga sawa. Zikishakuwa sawa ndipo bodi inafunguliwa na kuinuliwa.

Kabla ya grainda kuwaka, ondoa tanki na betri, kisha futa petroli yote kwenye bomba linalopita ndani ya mgongo wa kati. Humo humo kuna vijibomba vya nyaya za klachi, akseleta na breki ya mkono, kwa hiyo usitoboe kwa kina. Toboa nukta za welding za kiwandani kwa drili ya mm 8, bati la juu tu, ili ule mdomo wa chini wa mgongo, yaani ukingo wake uliokunjwa, ubaki mzima. Bati jipya hulala juu ya mdomo huo. Maliza upande mmoja kabisa kabla ya kukata wa pili, maana mgongo peke yake hujisokota.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni kupima. Weka bati, libane kwa klempu, shusha bodi juu yake na ujaribu bolti zote za M8 kwa mkono. Matundu ya pembeni kwenye mabati yangu hayakukaa sawasawa upande wa mbele, nikalazimika kuyapanua kwa tupa. Pima mishalo miwili (pembe hadi pembe), kutoka kichwa cha chesisi, yaani ncha yake ya mbele, hadi nyuma. Tofauti ikizidi mm 2, legeza klempu uanze upya. Reli za viti nazo zijaribu na kiti chenyewe: gari za kuanzia modeli ya 1973 zina reli tofauti na za zamani, na muuzaji akikosea hapo kiti hakiingii kabisa.

Kuchomelea ni kwa MIG (mashine ya welding inayolisha waya yenyewe), waya wa mm 0.6, ukijaza matundu ya mm 8 yaliyotobolewa kwenye bati jipya kila baada ya mm 40 hivi. Piga praima ya zinki kwenye nyuso zinazokutana, lakini ikwangue katikati ya kila tundu, la sivyo welding inatema na kubaki na vishimo. Usifuatanishe matundu. Ruka kutoka mbele kwenda nyuma, kisha katikati, bati lipoe.

Maungio yote yazibwe kwa silanti ya bodi za magari, juu na chini. Silikoni ya kawaida haifai: nyingine hutoa asidi inapokauka, na rangi haishiki juu yake. Weka mpira mpya kati ya bodi na sakafu, na zile washa nene za pembe nne zirudi chini ya bolti, kwani washa ndogo huzama kwenye bati. Kaza kwa spana ya 13, kisha rudia baada ya gari kutembea kilomita mia chache, kwa kuwa mpira mpya hubonyea na bolti zinalegea.