Muda wa saa mbili kando ya mto Ohio: uzoefu wangu wa matembezi ya historia Louisville

Huu ni mwaka wangu wa nne Louisville, Kentucky, na mto Ohio nilikuwa naujua kwa kuuvuka tu darajani nikienda kazini upande wa Indiana. Kisha Mjomba akaja kunitembelea kutoka Utete. Mtu wa Rufiji huyo, mto kwake si mandhari. Siku ya tatu tu akaniuliza, "Mwanangu, huu mji wameuweka hapa kwa nini, wasiuweke pale juu au kule chini?" Sikuwa na jibu. Usiku huo huo nikakata tiketi mbili za matembezi ya historia kwa miguu, dola 25 kwa kichwa. Kampuni siitaji jina, maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwalalamikia.

Tulikutana kwenye uwanja wa Belvedere, juu ya mto. Tulichelewa kuanza kama dakika ishirini, na kipaza sauti cha mwongozaji kilikuwa kinakata kila upepo ukivuma, kwa hiyo mkienda jibaneni mbele. Alianza na jina. Mimi nilifika hapa nikisema "Luisivili". Wenyeji wanasema "Luavo", kama mtu aliyebugia ugali wa moto. Jina ni la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, aliyewapa Wamarekani mkono walipopigana na Mwingereza. Mji ulipata hati yake mwaka 1780, mfalme mwenyewe akakatwa kichwa 1793.

Baada ya hapo mwongozaji akafanya kitu kilichonirudishia hela yangu. Alichuchumaa, akachora mto kwa chaki kwenye sakafu ya zege, akaweka vifuniko viwili vya chupa kuwa mashua. Ohio, alisema, unazaliwa Pittsburgh na kuteremka hadi kuingia Mississippi, zaidi ya kilomita 1,500, na katika njia yote hiyo kikwazo kikubwa cha asili kilikuwa kimoja: hapa. Si maporomoko ya maji kuanguka kutoka juu. Ni miamba ya chokaa iliyotandaa mtoni, na maji yanateremka kama mita 8 ndani ya kilomita 3 hivi. Maji yakiwa mengi, nahodha shupavu aliweza kupita. Yakipungua, hupiti. Akakisukuma kifuniko hadi kwenye "miamba" akakiacha.

Mjomba akainama, akakiokota kile kifuniko, akakipitisha nchi kavu pembeni ya mstari wa chaki, akakishusha upande wa pili. "Hapa palikuwa na wachukuzi," akasema. Nikatafsiri. Mwongozaji akacheka, akampa mkono.

Ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1778 George Rogers Clark, kamanda wa upande wa Wamarekani katika vita vile vya Mwingereza, alishuka na wanajeshi wake na familia za walowezi, wakatua kwenye kisiwa kidogo, upande wa juu tu wa miamba hiyo, wakalima mahindi. Kikaitwa Corn Island, kisiwa cha mahindi. Leo hakipo, kimeliwa na mto. Walowezi wakahamia nchi kavu, na mji ukala kwa sababu ya mkwamo wa wengine: mzigo unashushwa upande wa juu wa miamba, unabebwa kwa mikokoteni hadi Portland upande wa chini, unapakiwa tena. Anayesubiri maji yajae anahitaji pa kulala, chakula, na kinywaji. Meli ya kwanza ya mvuke kushuka mto huu, iliyoitwa New Orleans, ilifika mwishoni mwa Oktoba 1811 ikalazimika kungoja maji hadi Desemba. Mwaka 1830 ukafunguliwa mfereji wa kuizunguka miamba, na meli zikaanza kupita bila kushusha. Nilitaka kujua wale wachukuzi walikula nini baada ya hapo. Mwongozaji alikuwa ameshageuka.

Sasa lalamiko langu. Hapo Belvedere kuna sanamu mbili. Ya Clark tulisimama dakika kumi na tano nzima: vita, ramani, utoto wake. Ya pili ni ya York, na hiyo tuliipita tukitembea, kwa maneno ya "na huyu alikuwa mtumishi wa mdogo wake." Mtumishi! York alikuwa mtumwa wa William Clark, mdogo wake George. Oktoba 1803 waliondoka Clarksville, ng'ambo tu ya pale tuliposimama, katika msafara wa uchunguzi wa Lewis na Clark uliokwenda hadi bahari ya Pasifiki na kurudi 1806. York alibeba bunduki, aliwinda, na walipopigia kura mahali pa kukaa wakati wa baridi, kura yake ilihesabiwa. Aliporudi aliomba uhuru, awe karibu na mkewe aliyekuwa mtumwa wa watu wengine huku Louisville. Clark alikataa kwa miaka, na katika barua zake mwenyewe kwa kaka yake mwingine, Jonathan, ameandika kwamba alimpiga. Haya niliyasoma nyumbani baadaye. Ningependa kuyasikia pale, mbele ya sanamu iliyochongwa na Ed Hamilton, mchongaji wa mji huu huu, na kusimamishwa 2003.

Wala soko la watumwa hakuligusa. Kutoka hapa watu walipakiwa melini kupelekwa mashamba ya kusini, huku wakiiona kwa macho yao Indiana, ng'ambo ya mto, ambako utumwa ulipigwa marufuku. Wamarekani wana msemo wa "kumuuza mtu kuelekea mto unakoshukia", maana yake kumsaliti. Umetokana na biashara hiyo. Kwenye matembezi ya historia ya mto, hilo si jambo la kuruka.

Mafuriko ya Januari 1937 aliyaeleza vizuri: sehemu kubwa ya mji chini ya maji, watu kama 175,000 wakahama makwao. Hapo Mjomba aliuliza maswali hadi kundi likaanza kutazama saa: maji yalichukua siku ngapi kushuka, mifugo ilipelekwa wapi, nani alirudi kwanza.

Nyota tatu na nusu. Ile chaki peke yake ina nyota mbili. Vaeni viatu vya kutembea, na fikeni mapema msome wenyewe kibao cha York kabla kundi halijaanza.

Tulipomaliza Mjomba alikataa kwenda kwenye gari. Alirudi kwenye sanamu ya York, akavua kofia, akaizunguka polepole kama anakagua mtumbwi wa kununua. "Mkewe alikuwa anaitwa nani?" Sijui, Mjomba. Akavaa kofia yake. Mwezi Agosti, maji yakipungua, nimemwahidi tutavuka Clarksville akaikanyage hiyo miamba kwa miguu yake.