Mafunzo ya utunzi wa dansi, Mwanza: walimtoa mpiga ngoma wetu nje

Sirudi, na simshauri mtu aende. Bado nina hasira.

Nililipa elfu sitini kwa siku tatu za mbinu za utunzi, kwenye ukumbi mmoja pale Kirumba, kabla ya msimu wa Bulabo, tamasha letu la ngoma za Wasukuma. Kikundi chetu cha Kisesa kinacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, nikataka tupate kitu kipya cha kupeleka Bujora, tamasha linakofanyika. Kule Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa tangu zamani, wakishindana, mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa, kwa hiyo huwezi kwenda na ya mwaka jana. Tulikwenda sita, na babu anayetupigia ngoma.

Hata dakika kumi hazijaisha, mwalimu akamnyooshea kidole: "Mzee, hebu tupishe, unatuchanganyia hesabu." Shikamoo hakumpa. Tukabaki tunahesabu moja hadi nane kwa makofi. Bugobogobo bila ngoma! Ngoma ndiyo inayotuambia jembe lirushwe lini, lidakwe lini, mstari ugeuke lini. Ukiitoa, mnabaki watu sita wenye majembe mnakisia. Mwenzangu alikoswakoswa kichwani. Mwalimu akasema tuongeze umakini.

Nisiseme uongo, mbinu zenyewe ni nzuri. Ile ya kulimbikiza, ambayo Trisha Brown wa Marekani aliitungia dansi mwaka 1971, unaanza na ishara ndogo ya vidole gumba, unaongeza ya pili, ya tatu, kila mara ukirudia tangu mwanzo: ilinifungua macho. Na ile ya kupokezana, wote tendo moja lakini kila mmoja anaanza nyuma kidogo ya mwenzake! Tulipoijaribu kwa majembe, yalipanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa yakija ufukweni. Mwili ulinisisimka. Kwa mbinu hiyo peke yake elfu sitini si hasara, labda nenda tu.

Lakini tuliijaribia wapi? Nje, chini ya mwembe, babu akipiga. Ndani ilitushinda siku mbili. Yeye alisikiliza maelezo yetu mara moja, akampa kila mchezaji pigo lake la kuingilia, ikakaa. Huyo ndiye aliyeambiwa apishe! Hapana, nafuta, msiende.

Siku ya mwisho nilimwomba mwalimu atoke aone. Akasema muda umekwisha, akagawa vyeti. Cha babu hakikuwepo, na tulimlipia kama sisi. Hela sidai. Nataka aje Kisesa, ampe mzee shikamoo yake, amwombe radhi. Mpaka leo hajaja.